Sindano Iliyofuata Jembe

Juru, Nakivale
Mwisho wa mwezi wa tisa, mvua imeshika

Mama yangu,

Barua huanza na salamu, najua. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu anayeingia na maneno bila salamu ni kama mbuzi anayeingia jikoni. Lakini leo unisamehe. Jeremi mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, kabla ya neno lingine lolote msomee hili, kwa sauti, upande wa sikio lake linalosikia: Mama, panda maharage. Ile sauti niliyoituma kwenye simu nikisema usipande, nilikosea. Dunia haijapinduka. Toa mbegu kwenye chungu, upande.

Haya. Pumzika kidogo, Jeremi, unywe maji, kisha uanze tena kama barua ya watu wenye adabu.

Nakusalimu, Mama, kwa upendo wa Bwana aliyekulinda wewe huko na sisi huku. Magoti yako yanaendeleaje? Bado unapanda kwenye ule mwamba nyuma ya nyumba kulitazama ziwa, au Jeremi amekukataza? Yule mbuzi mwenye pembe moja alizaa? Usishuke mtoni peke yako, watume watoto. Nauliza na kuagiza, na najua sitasikia jibu upesi, maana simu ya Jeremi haiiti tena tangu siku ile niliyotuma sauti. Watu waliotoka huko wanasema antena imekufa. Kwa hiyo neno langu baya lilipita mlangoni, kisha mlango ukafungwa nyuma yake. Siku hizi zote nimekuwa nikiwaza: Mama amekaa anaziangalia mbegu zake, na mimi ndimi niliyemwambia bora azile.

Ndiyo sababu naandika kwa mkono. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyeacha masomo mwaka wa nne akabeba wadogo zake mgongoni. Barua hii anaibeba Mama Esteri wa kanisa letu, anayerudi Kongo, huko kwenu Baraka, kumuuguza dada yake. Ameniahidi atapandisha mlima mwenyewe hadi kwako. Nitaishona ndani ya pindo la kitenge chake, isilowe, isipotee. Ukimwona amefika, mpe kiti kwanza, kisha mpe mkasi.

Sisi tuko wazima. Wale wadogo wawili wanakula, wanapigana, wanakua. Sifa, dada yao, yuko masomoni kwa masista Nyamitanga, ng'ambo ya mto kule Mbarara, mwaka wake wa mtihani. Amenipita urefu. Mashini yangu ya kushona ingali inakimbia, na mwezi wa sita, kabla ya vumbi kubwa, tulimaliza nyumba mpya, ya matofali ya udongo, ile ya plastiki tuliyopewa tulipotoka Kabazana, kwenye mapokezi ya wakimbizi, nimeigeuza jiko. Nyumba hiyo, Mama, ndiyo iliyoanza kunipotosha. Ngoja nikueleze vizuri.

Unajua macho yangu, siku hizi kutunga uzi kwenye sindano ni vita. Kwa hiyo tulipomaliza nyumba niliiweka mashini ndani, karibu na mlango, pale pale jua la asubuhi lilipokuwa linaanguka. Jua likitoka, linagonga mashini sawasawa, natunga uzi, nashona. Nilifurahi kama mtu aliyejengewa na malaika. Lakini mwezi wa saba jua likaanza kuiacha mashini. Mwezi wa nane likawa linaangukia bido, madumu yetu ya maji, katikati ya chumba. Mimi niko gizani na sindano yangu, bido ndizo zinaota jua. Nilipima kwa kidole ukutani, nikaweka alama ya mkaa. Kila wiki jua lilikuwa limehama alama. Sikumwambia mtu.

Sasa kuna Shemasi Lubunga. Ni shemasi wa kanisa letu, mtu wa kwetu Fizi, mtu mwema. Yeye ndiye mwenye simu kubwa hapa kijijini, na kinachoingia kwenye simu yake kinatoka kwenye midomo ya kijiji kizima kabla ya jua kuzama. Mwisho wa mwezi wa nane akaja na sauti ya mtu mmoja, sijui ni wa nchi gani, anasema Kiswahili kizuri cha kutisha. Anasema ncha za dunia zimeng'oka. Kaskazini inakwenda kusini. Ule mti ambao dunia inazungukia umelala upande, ndiyo maana jua halitoki fasi yake, mahali pake pa zamani. Anasema mvua zitakazokuja ni za uongo, atakayepanda atazika mbegu zake, bora kila mtu ale alichonacho na kutengeneza moyo wake.

Nilisikia neno lile, jua halitoki fasi yake, nikaketi chini. Nikasema, "Shemasi, hiyo ni kweli. Mimi nina alama nyumbani kwangu."

Unaona, Mama. Yeye alikuwa na sauti tu. Mimi ndimi niliyempa ushahidi.

Wakaja watu kuangalia alama zangu za mkaa. Mama Anjela jirani yangu, ambaye haamini kitu mpaka akiguse, aliweka kidole kwenye alama ya mwezi wa sita na kidole kwenye alama ya mwezi wa nane, akasema, "Mama Sifa, kama njo vile, basi dunia imetembea mikono miwili na sisi tulikuwa tunalala tu."

Shemasi akasema iko njia ya kuhakikisha, ile sauti imeifundisha. Unachukua sindano, unaisugua kwenye sumaku, unailaza juu ya maji, inaelea yenyewe, inageuka kutafuta kaskazini. Isipoonyesha kaskazini, ujue basi ncha imeng'oka. Sumaku alikuwa nayo, ameitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Sindano, nani anakosa sindano kwangu? Nikatoa nzuri, ndefu, ya kushonea makoti. Tukaisugua. Nikakata kipande cha kandambili kuukuu, tukaichomeka juu yake ielee. Nikaleta basini ya plastiki yenye maji, nikatafuta fasi iliyo sawa ya kuiweka, isiyoyumba, na watu wote waione.

Nikaiweka juu ya meza ya mashini yangu.

Sindano ikazunguka, Mama. Polepole, kama mtu anayetafuta nani amemwita. Sote tunajua kaskazini yetu: ukisimama jua la asubuhi likiwa kwenye mkono wako wa kuume, ni mbele yako. Sindano haikwenda mbele. Ikaenda upande wa jua kuzama, ikasimama, ikatetemeka, ikanyamaza. Shemasi akasema, "Rudilieni." Tukaigeuza kwa kidole. Ikarudi kule kule. Mara ya tatu, kule kule. Shemasi mwenyewe alivua kofia.

Siku ile ile nikamtumia Jeremi sauti. Unakumbuka nilivyosema, nilikuwa nalia: mwambie Mama asipande, dunia imegeuka, nimeiona kwa macho yangu, aziivishe mbegu ale na watoto, tuonane mbinguni. Nilifikiri nakupenda, Mama. Kumbe nilikuwa nakutupia jiwe kutoka mbali.

Mvua ya kwanza ikaja. Unajua harufu ile ya udongo ukinyweshwa, mwili wote unataka jembe. Mashamba ya Juru yakakaa bure. Watu walikaa mlangoni, mikono kwenye magoti, wanaangalia maji yanapita. Nyumba nyingine nikasikia harufu ya maharage yanaiva, nikajua ni mbegu. Zangu zilikuwa bado kwenye kile kitambaa chako. Zile zenye madoa mekundu kama yai la ndege, mbegu zako na za mama yako, ulizonifungia siku tuliyokimbia, ukasema chakula utapewa na watu, mbegu hii hutapewa na mtu. Nimezipanda na kuzivuna Nakivale kila majira, sikuwahi kuruka hata moja. Nilishika sufuria mara mbili. Mara mbili nikairudisha ukutani. Mkono ulikataa, Mama, si mimi.

Kuna Mnyankole mmoja anayeitwa Mugisha, ananunua mazao hapa na baiskeli yake, Kiswahili chake ni cha sokoni. Akapita, akasimama katikati ya barabara, akaangalia huku na huku kama mtu aliyepotea njia, kisha akanisalimu kwa lugha yao.

"Agandi, mama. Nyinyi watu ya Juru nakuwa gonjwa wote?"

Nikamwambia, "Hapana, Mugisha. Dunia imepinduka."

Akaangalia chini kwenye miguu yake. Akaangalia juu. "Hapa kwenu tu? Sababu kule kwetu bado iko sawa, bibi yangu napanda tangu juzi." Akapanda baiskeli. Alipofika kwenye kona akageuka na kupaza sauti, "Ikirudi sawa, mama, unipigie."

Sikucheka siku ile. Nilisema moyoni: kama ni mwisho, mtoto wangu asiwe peke yake ng'ambo ya mto na masista. Nikaamua kwenda Nyamitanga kumrudisha Sifa nyumbani. Kama tunakufa tufe kwenye mkeka mmoja. Nilimwachia Mama Anjela wale wadogo, nikapanda pikipiki hadi barabara kubwa, kisha gari hadi Mbarara, nikavuka Rwizi kwa miguu. Maji ya mto yalikuwa yanakwenda upande wao wa siku zote. Niliyaona, lakini sikuyafikiria. Mtu mwenye hofu anaona vitu na haviulizi.

Kwenye lango nikasalimu vizuri, unajua sisi Waprotestanti, nikasimama mbali kidogo na sanamu ya Mariamu nisije nikaonekana nimeomba kitu. Wakamwita Sifa. Likizo hakuja, darasa lao lilibaki kusoma kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo alikuwa hajui lolote. Alikuja anakimbia, akaniona uso wangu, akasimama.

"Mama, nani amekufa?"

"Bado," nikasema. "Chukua nguo zako."

Tukaketi chini ya ukuta. Nikamweleza yote, sauti ya Shemasi, alama za mkaa, sindano. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikata. Halafu akauliza swali moja.

"Basini uliiweka fasi gani?"

"Fasi nzuri. Juu ya meza ya mashini."

"Juu ya mashini ya kushona. Ile ya chuma."

"Ni ipi nyingine niko nayo?"

Mama, mjukuu wako alicheka. Alicheka mpaka akalala ubavu kwenye majani, unifomu nyeupe na yote, nikawaza sabuni. Nikamwambia, "Sifa, mimi ni mama yako, nimetoka mbali, usinicheke." Akainuka, akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Sikucheki weye, Mama. Ninafurahi. Ngoja hapa."

Akaleta basini yao ya kufulia, ya plastiki. Sindano na sumaku nilikuwa nimezibeba kwenye mkoba, sijui kwa nini, labda nilitaka kumwonyesha maiti. Akaweka basini kwenye majani, mbali na ukuta, mbali na lango. Akalaza sindano yangu juu ya maji, ile ile. Ikazunguka polepole. Ikaenda mbele. Kaskazini kabisa, fasi yake ya siku zote, kama ng'ombe anayejua zizi.

Sifa akaenda kwa mwenye kulima bustani ya masista, akaazima jembe, akanipa mimi. "Mama, lisogeze karibu na basini. Polepole." Nikalisogeza. Sindano ikaacha kaskazini ikageukia jembe. Nikalipeleka upande wa pili, ikanifuata. Nikazunguka basini nzima na jembe mkononi na sindano inanifuata kama kifaranga na mama yake. Nilizunguka mara tatu. Yule mwenye bustani alisimama anatuangalia, akajua tumepoteza akili, mama na mtoto.

"Sumaku inavutwa na chuma," Sifa akasema. "Haikuona kaskazini ikasema hapana. Iliona mashini yako. Wote mulikuwa munasali mbele ya mashini ya kushona."

Nikamuuliza lakini jua? Alama zangu si chuma, ni mkaa. Akanijibu kwa swali, ndivyo wanavyowafundisha huko.

"Bibi kule nyumbani alikuwa anajuaje siku ya kupanda?"

Mama, pale ndipo nilipoona aibu kuliko kwenye sindano. Maana nilikuona, kama uko mbele yangu, umesimama kwenye mwamba wako asubuhi, mkono juu ya macho, unatazama ng'ambo ya maji, milima ya Ubwari iliyolala kama kichwa cha mtu. Siku moja unasema, "Jua lingali kwenye pua ya Ubwari, bado." Siku nyingine unasema, "Limeshuka hadi kwenye kisogo, toeni mbegu." Kila mwaka. Jua linakwenda upande mmoja wa milima, linarudi, linakwenda upande mwingine, linarudi, na wewe unalifuata kama mchungaji anavyojua njia ya ng'ombe wake. Nilikua ninasikia maneno yale. Nilipanda kwa maneno yale. Na bado niliona jua linatembea kwenye ukuta wangu, nikasema dunia inaanguka.

"Bibi aliliona kila mwaka," Sifa akasema, "weye umeliona mara moja, ndani ya nyumba ya miezi mitatu, ukatuma habari Kongo."

Nikala karanga nilizomletea yeye.

Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi, unanijua. Nikamshika tena. Nikamwambia, hivi huyo mtu wa kwenye simu alitunga yote kutoka kichwani? Akasema hapana, na hapa nisikilize vizuri, Mama, maana huko nako watakuja watu na simu. Ncha ya sumaku inatembea, ni kweli. Si yale tunayofikiri, ni huko mbali kwenye barafu, kila mwaka inasogea makilomita mengi, na wanaorusha ndege wanarekebisha ramani zao. Imewahi hata kugeuka kabisa, kaskazini ikawa kusini, zamani sana, kabla mtu yeyote hajashika jembe, na kugeuka kwake kulichukua maelfu ya miaka. Na ule mti wa dunia, yeye anasema si mti, ni mstari wa kufikiri tu, nao unayumba kidogo sana. Nikamuuliza unayumba vipi. Akafikiri, akasema, "Kama gurudumu la mashini yako, Mama. Likizunguka linatikisika kidogo. Je, uzi unakatika?"

Haukatiki. Nimeshona miaka kumi, gurudumu linatikisika, haukatiki.

"Ikigeuka tena," akasema, "itachukua maelfu ya miaka. Maharage yanachukua miezi mitatu. Nenda ukapande."

Sikumrudisha nyumbani, Mama. Nilimwacha pale pale langoni, nikampa kanga yangu badala ya karanga, nikarudi na sindano yangu.

Jumapili baada ya ibada, kabla watu hawajatoka, niliomba neno. Unajua sijawahi kusimama mbele ya kanisa, hata kuimba peke yangu sijawahi. Nikasema, ndugu zangu, mimi ndimi niliyewapa alama na sindano, leo nimekuja kuzichukua. Njooni nje. Niliweka basini kwenye udongo, katikati ya uwanja. Shemasi Lubunga akasema, "Lakini hiyo sindano imetoka kwa masista, huenda wameiombea." Watu wakacheka. Nikamwambia, "Shemasi, ni ile ile, uliisugua mwenyewe kwa sumaku yako. Ikague." Akaikagua. Akailaza yeye mwenyewe juu ya maji, kwa mikono yake, sikuigusa.

Ikaenda kaskazini.

Sauti ikatoka kwa watu, si kelele, ni kama pumzi ya ng'ombe wengi. Mama Anjela akapiga magoti, akaitazama karibu pua kwenye maji. Shemasi akasogea aone vizuri, na baiskeli yake alikuwa ameishika mkononi, hawezi kuiacha. Alipofika kwenye basini sindano ikaacha kaskazini ikaelekea gurudumu la baiskeli. Akashtuka, akarudi nyuma. Sindano ikarudi kaskazini. Akasogea tena. Ikamfuata.

Mama Anjela akasema bila kuinua kichwa, "Shemasi, ncha ya dunia imepanda kinga yako, baiskeli hiyo. Shuka nayo polepole."

Hapo watu walianguka. Wazee waliegemeana. Mimi nikachukua jembe nililokuwa nimeliegemeza ukutani, nikaizunguka sindano nalo kama nilivyofundishwa, nikawaeleza mashini yangu, nikawaeleza jua, nikawaeleza mwamba wako na kisogo cha Ubwari. Niliposema hayo wazee wa Fizi waliitikia kwa vichwa, mmoja akasema, "Hata mama yangu alikuwa anatazama vile." Akina mama wengine nao. Kila mmoja alikuwa anajua, Mama. Tulikuwa tunajua wote, tukasahau pamoja.

Nikasema neno moja la mwisho kisha nikakaa. Nilisema: mmeona sindano inafuata nini. Na sisi tufuate hilo hilo.

Jumatatu asubuhi, nilipofungua mlango, Juru yote ilikuwa imeinama. Jembe kila upande, kila kilima. Sauti yake, Mama, kama watu wanapiga makofi chini ya ardhi. Mugisha akapita, akasimama fasi yake ya kwanza, akavua kofia, akasema, "Eeh. Imerudi sawa, na hukunipigia." Nikacheka kwa ajili ya siku zote nilizokuwa sijacheka.

Mchana Shemasi akaja kwangu. Aliketi kwenye bido, akageuza kofia mikononi. "Mama Sifa, sisi tulipika zetu. Zote." Nikafungua kitambaa chako, nikampimia kikombe kimoja kilichojaa. Akasema atarudisha viwili. Nikamwambia, "Rudisha maneno kwanza. Kila nyumba uliyopeleka ile sauti, peleka na hii." Amezunguka nyumba zote, namshukuru Mungu, hata zile za upande wa pili wa kilima, kwa baiskeli ile ile.

Zimeota, Mama. Leo ninavyoandika zina majani mawili mawili. Shamba langu, shamba la Shemasi, mbegu zako. Mashini nimeisogeza mita mbili, kama Sifa alivyonifundisha: nitalifuata jua mpaka mwezi wa kumi na mbili, kisha nitarudi nalo. Ukutani nimefuta mkaa nikaandika majina ya miezi. Mwaka ujao nikiona jua limerudi pale mashini ilipokuwa kwanza, nitajua ni mwezi wa sita, sitalia.

Salamu zangu kwa Jeremi, nguzo ya nyumba, na mke wake, asinichukie kwa kumtisha mumewe. Kwa Shangazi Nalu, mpishi wetu wa arusi zote, mwambie bado nasikia njaa ya ugali wake. Kwa Baba Mdogo Asende, mzee wa kanisa, asikubali mtu yeyote asimamishe kupanda kwa sauti ya simu, hata iwe sauti yangu. Kwa watoto wote wa Jeremi, ambao sijawaona na nawajua kwa majina: wawe wanapanda na Bibi kwenye mwamba asubuhi, wajifunze pua na kisogo kabla hawajajifunza simu. Sifa anakuamkia. Anasema wewe ndiwe mwalimu wake wa kwanza, ila hamjakutana.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nishone usiku na mchana bila kulala vizuri. Sijui kama barua hii itakukuta na mbegu au na sufuria iliyooshwa. Mtoto wako alikuambia uzile, na wewe hukuwahi kudharau neno la mtoto wako. Kwa hiyo, Mama Esteri akifika, usifungue pindo moja tu. Fungua na la pili, lile zito. Nimeshona humo mikono miwili ya maharage, yenye madoa mekundu. Sikuyanunua. Ni yale yale uliyonifungia, yamekwenda Nakivale yakazaa, sasa yamerudi kwa mama yao.

Kesho asubuhi panda kwenye mwamba. Jua likiwa limefika kwenye kisogo, usimngoje mtu.

Mimi mwanao uliyembeba na kumpa mbegu,
Faida, Mama Sifa